Kisahani Nilichonyolea Ndevu

Mubi, Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tisa.
Miaka mitatu na miezi miwili tangu nilipotoka Kingi.

Sifa, mama, mwanangu,

Pikipiki ya Deo inaondoka hapa saa nane mchana, naye ameniapia kwamba mvua ikimhurumia atafika kwenu Jumamosi. Wewe unaondoka Jumatatu. Katikati una Jumapili moja tu, na barua hii nimeiandika kwa ajili ya Jumapili hiyo. Nimekaa nyuma ya duka la Papa Kasereka, juu ya gunia la chumvi, karatasi ziko gotini. Unajua niliishia darasa la pili la sekondari, na mkono wangu siku hizi umezoea nyundo tu. Usicheke maandishi.

Sitakueleza namna ya kufunga mzigo, wala namna ya kumsalimia dada yake Papa Kasereka utakapofika dukani kwake Butembo. Shangazi yako ameshakuambia hayo mara mia, namjua. Mimi nina neno moja, na ninaliweka kwenye karatasi hii ya kwanza ili hata Deo akianguka mtoni na nyingine zikalowa, hili ulisome.

Diski ya mashini yako niliitoa mimi.

Mwalimu Bahati hakuigusa. Mwizi uliyemtafuta alikuwa ndani ya nyumba, alikuwa baba yako, na asubuhi ile alikunywa uji uliompikia kabla hujaenda shule.

Sasa pumzika kidogo, kisha uendelee. Ukitaka kuchana barua hii, ichane baada ya karatasi ya mwisho, maana huko mbele kuna habari nyingine ambayo ni yako, na mimi sina haki ya kukunyima.

Siku mashini, ile kompyuta, ilipofika unaikumbuka kuliko mimi. Mwalimu alikuja nayo kutoka Masisi centre ndani ya beseni, imefungwa kwa kitenge cha mke wake, akitembea polepole kama mtu aliyebeba mayai. Kuna ofisi ilikuwa inaitupa. "Iko muzee," alisema, "lakini muzee si maiti." Mkajaribu kuiwekea ile sisteme ambayo watu wote wanaitumia, ikashindwa hata kuamka. Ilikuwa kama kumtwika bibi kizee gunia la muhogo. Mwalimu akaenda tena centre, akarudi na flashi, na ndani yake sisteme nyingine, ndogo, ambayo jina lake sikuweza kulitamka na hata leo siwezi.

Nilikuuliza, "Na hii iko ya kampuni gani?"

"Haina kampuni, papa. Ni watu tu wanaitengeneza."

"Nani anawalipaka?"

"Hakuna."

"Kama hakuna wa kuwalipa, ao wako wachawi ao wako wajinga. Wako ngapi?"

Ukafikiri. "Wenye kuitumikisha, pengine mia mbili. Dunia muzima."

Nilicheka mpaka shangazi yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mia mbili! Korali yetu na watoto wa katekisimu wanawapita!"

"Korali inaimbaka mara moja mu juma, papa," ulisema, wala hukuinua macho. "Wale hawanyamazake."

Ukanieleza habari zao. Aliyeianzisha alichoka zamani, akaenda zake, na wengine wakaokota jembe alipoliangusha. Mmoja alikuwa mzee wa nchi ya baridi, aliyefanya kazi ya treni maisha yake yote. Mwingine alikuwa mama anayefundisha hesabu. Hawajawahi kuonana. Ukasema pia kwamba si wao peke yao, kwamba vikundi vya namna hiyo viko vingi, kila kimoja na sisteme yake, vingine vina mtu mmoja tu na mashini zake za zamani chini ya meza. Kila mwaka watu wanasema hizo kazi za kujipendea zimekufa, na kila mwaka toleo jipya linatoka. Mimi nilikusikiliza kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Nilikuwa nawaza shamba la juu, lile tuliloliacha tulipokimbia vita na tukalikuta limekuwa pori.

Hata sisteme yenyewe ni nini, sikuelewa. Nimeelewa huku Omate, kwenye machimbo ya dhahabu, ndani ya shimo. Kwetu kuna mtu tunamwita kondikteri. Yeye hachimbi. Anakaa mlangoni mwa shimo na kusema nani ashuke sasa, nani angoje, taa iko kwa nani, pampu ya maji ipewe tawi gani, na watu wawili wasiingie kwenye kitundu kimoja wakabanana. Asipokuwepo yeye, watu wote wana nguvu na hakuna mzigo unaotoka. Siku moja nilikuwa nimekaa nangoja zamu yangu, nikajisemea, ah, kumbe hii ndiyo ile sisteme ya Sifa. Nilitamani nikupigie simu nikuambie. Lakini wakati huo ulikuwa umeshaacha kuongea habari za mashini, na aliyekuachisha nilikuwa mimi.

Nakumbuka vizuri kazi uliyokuwa unaifanya. Tulikuwa na paneli moja ya jua na betri moja ya gari. Mawingu ya Masisi unayajua. Betri ilikuwa inakata ghafla, na kila ulichoandika tangu asubuhi kinapotea. Ulilia mara ngapi? Mwalimu akafunga waya mwekundu kutoka kwenye betri mpaka nyuma ya mashini, na wewe ukaanza kuifundisha sisteme kuusikiliza waya ule. Ulitaka mashini ijue kwamba inakufa kabla haijafa, ili iweke kazi ya mtu pembeni kwanza. Miezi minane. Nikirudi kutoka shambani nilikukuta umeinama hapo, na kila siku ya posho, yaani Jumamosi, Mwalimu alikuwa anachukua flashi na kutembea mpaka centre, penye mtandao, kuwatumia wale watu mia mbili ulipofika. Wanakujibu. Unaruka. Nilikuwa nakuona unavyoruka, Sifa. Siwezi kusema sikuona.

Sasa nikuambie nilivyofanya.

Majirani walikuwa wanarudi kutoka Omate na habari zao. Mmoja wao, Jules, yule mwenye kovu kwenye nyusi, alinifundisha jambo. Ukishasaga jiwe na kuosha unga wake, dhahabu inabaki imechanganyika na mchanga mweusi, na huo mchanga ni chuma. Wanaoupuliza kwa mdomo wanapoteza na dhahabu. Mwenye akili anakausha ule unga kwenye kopo juu ya moto, anafunga sumaku ndani ya kipande cha sashe, mfuko wa nailoni, anaipitisha juu yake polepole. Mchanga mweusi wote unaruka na kushika sashe. Halafu unatoa sumaku, na mchanga unaanguka wenyewe. "Lakini sumaku ya spika ni dhaifu," alisema Jules. "Ile yenye nguvu inakaa mu diski ya ordinatere, mashini kama ile ya mutoto wako. Mwenye iko nayo, timu yoyote inamupokea, hata kama hajui kuchimba." Mimi sikujua kuchimba. Nilikuwa mtu wa maharage na viazi, nina miaka arobaini na sita, na nilikuwa naogopa kufika huko nikiwa sina kitu.

Asubuhi ile ulipotoka, nilichukua kisu cha mezani. Skurubu nne. Nilitoa kile kijisanduku cha chuma, nikafunga mashini kama ilivyokuwa, nikaifunika na kitambaa chako kile cha maua, nikaondoka kabla hujarudi.

Nataka uniamini kwa kitu kimoja, ingawa sistahili: sikujua. Nilifikiri kazi yako inakaa kwenye kioo, pale nilipokuwa naiona kila siku. Kioo nisingekigusa. Ningejua kukigusa ni wizi. Lakini kile kijisanduku kilikuwa gizani, hakina taa, hakionyeshi kitu, nikakihesabu kama mguu wa kiti. Ningeweza kukungoja saa saba nikuulize. Nilijua pia kwamba ukiniambia hapana, nitakosa la kusema. Ndiyo maana sikungoja. Kwa hiyo kutokujua kwangu hakunisafishi, na hilo nalijua vizuri kuliko namna ya kuliandika.

Hapa Mubi nilikivunja kwa nyundo, barabarani, malori yakipita. Ndani mlikuwa na sumaku mbili zilizopinda kama kucha, na kisahani kimoja kinachong'aa kuliko kioo chochote nilichowahi kushika. Kilikuwa na tundu katikati, kama kimetengenezwa kwa ajili ya msumari.

Baada ya siku tisa, simu yangu iliposhika mtandao, ulinipata. Sauti yako ilikuwa chini sana.

"Papa, diski haiko."

"Diski gani?"

"Ya mu mashini. Kazi yote iko mule. Papa, iko mule yote."

Nilikuwa nimesimama kwenye matope, sumaku iko mfukoni mwangu, naisikia inavuta kisu changu. Kusema kweli kungechukua muda mfupi kuliko kumeza mate. Nikasema, "Mi sijui, mama. Si Mwalimu njo anaifunguaka? Muulize yeye."

Sentensi hiyo nimeirudia kichwani kila siku tangu siku ile. Nimejaribu kuilaumu njaa, na vita, na shimo. Lakini wakati ule nilikuwa sijashuka shimoni hata mara moja. Nilikuwa mtu mzima, nimeshiba wali na maharage, na niliogopa kukemewa na mtoto wangu mwenye miaka kumi na sita.

Yaliyofuata alinieleza shangazi yako. Kwamba ulimkuta Mwalimu penye bomba la maji, wanawake wamepanga madumu yao, ukamwita mwizi mbele ya wote. Kwamba yeye hakujitetea. Alitoa ile flashi mfukoni akasema, "Mama, ya siku ya posho bado iko hapa. Chukua, tuanzie hapo." Na wewe ukaupiga mkono wake, flashi ikaanguka kwenye maji, ukasema mwizi asikurudishie nusu. Shangazi yako alikuwa anacheka akinisimulia. "Mutoto wako ana kinywa!" Nilikuwa na simu sikioni. Nilikuwa bado naweza kusema. Nikauliza kama mvua imenyesha.

Tangu siku ile hukumsalimia tena, na mashini uliigeuza ukutani. Nilisikia vyote viwili, na vyote viwili nikavinyamazia.

Huku Omate walinipokea kweli, Jules hakunidanganya. Waliniita Papa Sumaku. Timu za jirani zilikuwa zinakuja kuniazima na kunitania. "Papa Sumaku, vutia siye bibi ya kuoa!" Na kuna mama mmoja anayesaga mawe, mdomo wake mkali kuliko nyundo yake, alinikazia macho siku moja nikipitisha sumaku juu ya kopo akasema, "Angalia hii kitu. Inakimbiliaka uchafu, dhahabu inaiacha palepale." Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao. Usiku wangu haukucheka, lakini hilo liache.

Na kile kisahani nilikitundika kwenye nguzo ya kibanda. Kila Jumapili, kabla ya kwenda kusali, nilinyolea hapo. Kwa miaka mitatu, Sifa, nimekuwa nikipaka sabuni na kujitazama kwenye kazi yako ya miezi minane, nageuza shavu huku, nageuza huku, nione kama nimependeza mbele ya Mungu.

Sasa habari nyingine, ile ambayo ni yako.

Mwezi uliopita nilishuka Mubi kuzungumza na Papa Kasereka habari ya wewe kwenda kwa dada yake. Alikubali, alikuwa mwema kwangu. Binti yake, Masika, umri wenu ni mmoja, ana kona yake dukani: anachaji simu, anaingiza nyimbo kwenye flashi, anachapisha vyeti vya watu. Mashini yake ni nzee kama yako, imevuliwa, mbavu zote ziko nje. Nilikuwa nimesimama pale, gunia la maharage begani, groupe, ile jenereta ya duka, ikakohoa na kuzimika. Watu wakaanza kumlalamikia. Taa zikazima. Lakini mashini haikuzima mara moja. Kioo kikageuka bluu, na maneno yakatoka, makubwa:

*Usiogope. Nimekuwekea yako.*

Halafu ikazima.

Mama yako alipokuwa hai, nikichelewa shambani nikakuta sahani zimeshaoshwa, kabla sijafungua mdomo alikuwa anasema maneno hayo hayo. Usiogope, nimekuwekea yako. Na kweli kuna sahani imefunikwa pembeni ya mafiga. Ulikuwa na miaka tisa alipokufa. Sikujua kama uliyasikia. Sikujua kama uliyachukua. Nikaangalia nyuma ya ile mashini, na waya mwekundu ulikuwa unatoka kwenye betri na kuingia pale pale ambapo wa kwetu ulikuwa unaingia.

Gunia likaniteleza. "Nani ameandika yale?"

"Ile njo sisteme, papa," alisema Masika. "Moto ya umeme ikikatika, inaweka kazi mbele ya kuzima."

"Najua inafanya nini. Nauliza ni nani ameandika."

"Papa Sumaku, keti. Keti kwanza, umekuwa kama majivu."

Umeme uliporudi alinifungulia karatasi ya watu waliotengeneza. Iko kwa lugha yao, akanitafsiria akifuata kwa kidole. Palikuwa pameandikwa: sehemu ya betri, Sifa, wa Kingi. Chini yake: imeletwa na mwalimu wake, Bahati, maana mashini ya mwanafunzi imeharibika.

Aliiokota majini, Sifa. Aliikausha ile flashi. Uliyemwita mwizi alitembea nayo mpaka centre, peke yake, akawapa wale watu kazi yako, na akaandika jina lako kabla ya lake. Hakuandika kwamba iliibiwa. Hakuandika kwamba ulimtukana.

Masika alinisomea na mengine. Waliuliza habari zako mara tatu. Kama uko mzima. Kama vita vimekufikia. Yule mzee wa treni aliandika kwamba wameliacha jina lako kwenye orodha ya wenye ufunguo, na hakuna atakayelifuta, siku utakayorudi uingie bila kubisha. Kazi ile haikuwa imeisha, unajua mwenyewe, ilikuwa imebaki kipande. Mama wa hesabu alikimalizia, polepole, karibu mwaka mzima. Maneno ya Kiswahili hakuyagusa. Aliandika kwamba haelewi maana yake lakini anaona yamewekwa na mtu aliyejua anachosema.

Nilimuuliza Masika sisteme hiyo imefikaje mpaka msitu huu.

"Nimeitoa Butembo, papa. Kuko watu kule wanapendaka mashini za zamani. Wanakutanaka nyuma ya duka moja la vipuri."

"Wako ngapi?"

"Na mimi, tuko saba."

Saba. Safari hii sikucheka. Niliomba maji ya kunywa.

Wiki iliyofuata nilimletea kile kisahani, nimekifunga kwenye kitambaa. Nilikuwa na tumaini la kijinga. Nikamuuliza kama kuna kitu bado kimebaki humo. Akakigeuza kwenye mwanga, akaona sabuni iliyokauka pembeni ya tundu.

"Ulikuwa unafanya nayo nini, papa?"

"Kunyoa."

Hakucheka. Ana moyo yule mtoto. Akasema, "Hapana, papa. Hakuna tena kitu."

Kwa hiyo usidhani nakuambia kwamba vyote vimepona. Flashi ilikuwa ya siku ya posho. Ulichofanya baada ya hapo kimekwenda. Na uliniambia kwenye simu, siku ile, kwamba ndani ya diski mlikuwa na mambo mengine ambayo hata Mwalimu hukumpa. Sikukuuliza ni mambo gani, maana kuuliza kungekuwa kukaribia. Sasa ndiyo najiuliza. Msichana aliyeweka maneno ya mama yake kwenye kioo, ni nini kingine alikuwa ameweka? Sitajua. Niliyavunja barabarani kwa nyundo, malori yakipita.

Sina mafundisho ya kukupa. Naweza tu kukuambia nilichoona. Huku Omate tuko wengi mno, wote tunakimbilia kitu kimoja, kitu ambacho dunia nzima inakipenda. Shimo likikauka, asubuhi moja hakuna mtu. Hakuna anayebaki hata kulifukia. Mvua inalijaza, na mbuzi wanaanguka humo. Wale mia mbili wako kwenye kitu ambacho hakuna anayekitaka, na mtu mmoja akinyamaza wanauliza yuko wapi. Kwetu salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ni mpaka chefu aitishe, na wengine wanajificha ndani. Hiyo yao ni salongo ambayo hakuna chefu aliyeiitisha, na hawajaiacha. Nilikuwa naipima kwa wingi wa watu. Nilikosea kipimo, na nilikuwa na mizani moja tu nyumbani, nayo ilikuwa wewe ukiruka.

Nenda dukani Butembo, uuze vitenge, umheshimu yule mama. Sikuombi uache. Lakini ukitaka, Masika ameandika mahali wanapokutana wale saba, na karatasi yake nimeibandika kwenye bahasha. Amesema useme tu wewe ndiye mwenye waya mwekundu, watakuelewa.

Kisahani nimempa Deo akuletee. Usikitundike. Sumaku zimebaki kwa timu, siwezi kuzitoa kabla hatujafunga shimo hili, na hilo pia ni aibu yangu. Tangu nimefunga kisahani nanyoa kwa kupapasa, na nina chale mbili shavuni.

Mimi sikuombi msamaha katika barua hii. Msamaha ukija, uje kwa miguu yake wenyewe, na usipokuja nitajua kwa nini. Ninaloomba ni la Jumapili. Ukitoka kanisani, usipite mlango wa Mwalimu. Ingia. Msomee karatasi ya kwanza, kama utaweza, ama mpe aisome mwenyewe. Najua utaona haya kwa yale ya bombani. Ile haya si yako, uliibebeshwa. Mwambie ni ya papa, na kwamba papa anakuja kuichukua.

Shangazi yako ameniambia kwamba utafunga nyumba na kumwachia ufunguo. Usimwachie yeye. Mwachie Mwalimu Bahati. Nataka nisiweze kuingia ndani ya nyumba yangu bila kwanza kusimama mlangoni kwake.

Nakusudia kufika Kingi maharage yakianza kukauka, kabla ya Noeli. Najua sitakukuta. Nitabisha kwake kwanza, na asipofungua, nitakaa hapo nje.

Ni mimi, papa yako.